Kurasa za Nyuma za Kaunta Buku

Baba alifariki Tanga, Machi 2019. Aliacha nyumba ya vyumba vinne Ngamiani, akaunti moja ya benki, na kaunta buku ya duka yenye jalada jekundu ambayo nusu ya kurasa zake zilikuwa bado nyeupe.

Matanga yalipoanuliwa, wazee wakakaa kikao cha familia kuchagua msimamizi wa mirathi. Mama alikuwa ameingia eda, miezi minne na siku kumi, hatoki. Mdogo wetu, mtoto wa kiume pekee, alikuwa na miaka 16, yuko kidato cha pili. Dada zangu, mmoja alikuwa amejifungua juzi tu, mwingine ameolewa Mtwara. Muhtasari ukaandikwa jina langu, ingawa makazi yangu yalikuwa Dar es Salaam. Nilipoinuka kuaga, mama akaniita chumbani.

"Mwanangu, kila utakachotumia kitatoka kwenye fungu la yule mtoto. Kiandike."

Nikaichukua kaunta buku ya baba, nikaigeuza, nikaanza kuandika kutoka nyuma. Sikutaka mwandiko wangu uguse wa kwake.

Watu walishanitisha mapema. Kila niliyemwambia naanza mirathi alinipa pole ya pili: mahakama itakula kila kitu, faili litalala, tafuta mtu anayejuana na watu. Nami nikampata huyo mtu, au tuseme yeye ndiye aliyenipata. Alikuwa amekaa chini ya mti karibu na mahakama, bahasha ya kaki mapajani, anaongea kwa upole kama mtu wa msiba. Akasema kwa 150,000 atashughulikia yote. Nikamtumia palepale kwa simu, nikapanda basi la jioni.

Wiki tatu zikapita. Simu yake ikawa inaita tu. Nikarudi Tanga, safari hii nikaingia ndani mwenyewe. Karani, mama wa makamo, akafungua rejista yake na kupitisha kidole taratibu mstari kwa mstari. Jina la baba halikuwemo.

"Dada, ulimpa nani hela?" akaniuliza. Nikamweleza. Akafunga rejista. "Hapa huhitaji mtu wa kati. Hii ni Mahakama ya Mwanzo, fomu zote za Kiswahili. Lete muhtasari wa kikao, cheti cha kifo, barua ya serikali ya mtaa, na wadhamini wawili."

Alinipa namba ya malipo, nikalipia kwa simu nikiwa nimesimama barazani. Ada yenyewe haikufika nauli ya kunileta pale. Nilibaki nikiitazama ile meseji ya malipo muda mrefu. Kwa woga wa kitu ambacho sikuwa nimekiuliza bei, nilikuwa nimetoa fedha mara nyingi zaidi ya bei yake. Ile 150,000 sikuiandika kwenye kaunta buku. Marehemu hakunituma kwa yule mtu, wala risiti sikuwa nayo. Niliilipa mimi, kutoka mshahara wangu.

Kwa hiyo anayeniuliza leo gharama za mirathi, namwambia aanze kuhesabu siku, ada itafuata. Mara ya kwanza shauri letu kuitwa, mdhamini mmoja alikuwa amepelekwa Handeni kikazi. Likaahirishwa. Nauli ya Dar hadi Tanga ilikuwa 15,000, kwenda na kurudi 30,000, na bado sijala, na ofisini nimeomba ruhusa. Tangazo la gazetini, la kuwaita wenye pingamizi au wanaodai, peke yake lilikuwa 60,000, zaidi ya karatasi zote za mahakama ukizijumlisha. Nilisafiri mara saba. Kwenye kaunta buku niliandika tano, kwa sababu safari mbili ningekwenda hata kama hapangekuwa na shauri: moja ya Idi, moja mama alipougua presha.

Risiti nilizihifadhi kwenye pochi. Siku moja nikazitoa nizipange, nikakuta mbili zimefifia, karatasi nyeupe tupu yenye rangi ya maji ya chai pembeni. Joto la Tanga lilikuwa limezifuta. Tangu siku hiyo, kila risiti ya mashine niliitoa fotokopi kabla sijatoka mtaani, na ile fotokopi nayo nikaiandika.

Hatimaye nikapewa hati ya usimamizi, Fomu Na. 4, na hakimu akanisomea wajibu wangu bila haraka: ndani ya miezi minne nirudishe Fomu Na. 5, orodha ya mali na madeni, kisha Fomu Na. 6, hesabu ya nilivyogawa. Benki ikahamishia fedha za baba kwenye akaunti ya mahakama: 4,386,000. Nyumba tulikubaliana isiuzwe, mama aendelee kukaa.

Ugomvi ulikuja kwenye hesabu. Ami alikuwa ametoa 142,000 za sanda, kuchimba kaburi na gari. Hizo hakuna aliyebisha. Kwa sheria yetu ya Kiislamu maiti hutolewa kwanza gharama za maziko yake, kisha madeni, kisha wasia kama upo, ndipo warithi wanaingia. Lakini ami alileta na karatasi ya hitima ya arobaini: mchele, mbuzi, kuni, turubai, jumla 380,000.

"Ami, hii siwezi kuiweka," nikamwambia.

"Huwezi? Nilimfanyia nani kama si baba yako?"

Iliniuma, kwa sababu ami ndiye aliyeingia kaburini kumpokea kaka yake. Tulifika nayo mpaka mahakamani. Mshauri mmoja wa mahakama, mzee mwenye kofia ya kiua, akamwuliza kwa adabu kubwa: "Bwana, pilau ile alikula marehemu?" Ami akainama. Mzee akaendelea kuwa wakubwa wakiridhia wanaweza kutoa katika mafungu yao, lakini fungu la mtoto mdogo haliguswi kwa karamu. Tulipotoka nje ami hakunisemesha. Jioni mama akasema yeye, mimi na dada zangu tutamrudishia ami, 95,000 kila mmoja, tukishapata vyetu. Ndivyo tulivyofanya, na ami akapokea.

Kabla sijajaza Fomu Na. 5, mama alitaka nimsomee kaunta buku yote, na za baba pia. Nikaanza mbele. Sukari. Sabuni. Betri. Katikati ya ukurasa wa Februari, kwa mwandiko uliokwisha legea, palikuwa na mstari: "Mama wa Deep Sea, samaki, 36,000." Deep Sea ndiko pwani ya wavuvi pale Tanga. Mstari haukukatwa. Baba alikuwa na kawaida ya kukata mstari kwa rula kila alipolipa.

"Hakuja kudai," nikasema.

"Angekujaje, na sisi tunalia?" mama akanijibu. "Andika."

Nikaandika. Pamoja na sanda, tangazo, nauli, ada, fotokopi na lile deni, jumla ikawa 418,000. Zikabaki 3,968,000. Thumuni ya mama, yaani moja ya nane, 496,000. Mimi na dada zangu 694,400 kila mmoja. Mdogo wetu 1,388,800, zikafunguliwa akaunti yake. Hakimu alipitia Fomu Na. 6 ukurasa kwa ukurasa, akauliza kuhusu zile risiti mbili zilizofifia, nikamwambia sikuzidai. Akagonga muhuri.

Kesho yake alfajiri nilishuka Deep Sea. Mashua zilikuwa zinaingia, magamba yametapakaa kila mahali. Nilimkuta yule mama anapara changu, nikamwamkia, nikamwambia mimi ni binti wa fulani wa duka la Ngamiani. Akaacha kisu. Nikampa 36,000. Alizihesabu mara mbili bila kusema neno, akazifunga kwenye pindo la kanga, akanichagulia samaki mmoja, akamtia kwenye mfuko.

"Huyu mpelekee mama," akasema. "Huyu usiandike."