Nilivyokataa kusaini barua ya kujiuzulu

Nilifukuzwa kazi kwa sababu ya mzigo uliopotea stoo nikiwa likizo. Siku hizi watu hunipigia simu wakilia kwamba wameachishwa kazi kwa uonevu, na swali langu la kwanza huwa ni lile lile: umesaini nini? Wengi wanakuwa wameshasaini.

Mimi niliitwa ofisini asubuhi, kabla hata sijafungua stoo. Mezani palikuwa na barua mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kuniachisha kazi kwa "uzembe uliosababisha hasara". Ya pili ilikuwa imechapwa kwa jina langu, kana kwamba nimeiandika mwenyewe, ikisema naacha kazi kwa hiari yangu kwa sababu za kifamilia. Meneja aliongea kwa upole kabisa. "Dada yangu, hatutaki kukuharibia. Saini hii ya pili, tukupe cheti kizuri, kila mtu ashike njia yake. Ukikataa, tutakupa hii ya kwanza, na ukiwa nayo hakuna atakayekuajiri."

Upole ule ndio unaowamaliza watu. Ukishajiuzulu, kwenye karatasi hukufukuzwa, na asiyefukuzwa hana cha kudai. Utakapokwenda kulalamika itabidi kwanza uthibitishe kwamba ulilazimishwa, na shinikizo la maneno matamu ndani ya chumba kilichofungwa si rahisi kulithibitisha. Nikamwambia sijiuzulu, nipewe ile ya kwanza. Chini ya barua, pa kuweka saini, paliandikwa "Nimepokea na nimekubali". Nikakata maneno "na nimekubali" kwa kalamu, nikaandika pembeni: "Nimepokea tu. Sikubaliani na sababu zilizotajwa, na sikupewa nafasi ya kujieleza." Nikaweka tarehe na saa, nikapiga picha nakala yangu na yao. Meneja alikunja uso, lakini hapakuwa na sheria niliyovunja.

Nilipofika nyumbani sikumsimulia mtu kwanza. Nilichukua daftari nikaandika yote yaliyotokea: nani alikuwepo, nani alisema nini, niliingia saa ngapi, nilitoka saa ngapi. Baadaye kampuni ilidai kwamba asubuhi ile kilifanyika kikao cha nidhamu nikasikilizwa. Daftari langu lilionyesha muda niliokaa mle ndani, na muda ule haukutosha hata kusoma tuhuma kwa sauti.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa chama cha wafanyakazi. Nilimfikia nikiwa na hoja nyingi kuhusu mzigo, hesabu na funguo. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hayo ya mzigo yatakuja. Kwanza waulize: walikusikiliza kabla ya kuandika barua?" Akanieleza kuhusu Mkataba Namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unaohusu kusitisha ajira. Ibara ya 4 inataka pawepo sababu halali, inayotokana na uwezo au mwenendo wa mfanyakazi, au mahitaji ya uendeshaji wa kazi yenyewe. Ibara ya 7 inasema mtu asiachishwe kwa sababu ya mwenendo au utendaji wake kabla hajapewa nafasi ya kujitetea, isipokuwa pale ambapo mwajiri hawezi kutarajiwa kuitoa nafasi hiyo. Ibara ya 9 inazuia mfanyakazi kuachiwa peke yake kazi ya kuthibitisha kwamba ameonewa. Si nchi zote zilizouridhia mkataba huo, ila misingi yake utaikuta katika sheria za kazi za nchi nyingi sana. Kwangu mimi ilikuwa faraja kubwa kujua kwamba nilichokuwa nakihisi moyoni kina jina na kina ibara.

Kisha akanitisha, na nashukuru alinitisha. Aliniambia muda wa kulalamika ni mfupi. Ujerumani mfanyakazi ana wiki 3 tu tangu kupokea barua. Tanzania na Afrika Kusini ni siku 30. Waajiri wanalijua hilo vizuri. Ndiyo maana utasikia "subiri kidogo, suala lako liko kwa mkurugenzi", na unasubiri hadi mlango unafungwa. Nilikata rufaa ndani ya kampuni kwa barua fupi ya ukurasa mmoja, na sikungoja jibu lao kupeleka malalamiko yangu kwenye usuluhishi. Kama una barua ya kufukuzwa mkononi sasa hivi, acha kusoma hapa, katafute muda wa nchi yako kwanza.

Kuhusu ushahidi, nilivyokuwa navyo ni vyangu halali: mkataba, slipu za mshahara, nakala ya fomu ya likizo iliyosainiwa, na ujumbe wa simu wa msimamizi akinielekeza nimkabidhi funguo kabla ya kuondoka. Leja ya stoo na hati za kupokelea mzigo zilikuwa kwao. Rafiki mmoja aliyebaki kazini alijitolea kunitolea nakala kwa siri, nikamkataza. Karatasi iliyochukuliwa kinyemela ingewapa kosa la kweli la kunishika nalo, tena ingemponza na yeye. Badala yake niliandika barua kuitaka kampuni ilete nyaraka hizo kwenye shauri, nikizitaja moja moja kwa tarehe. Mtunza stoo anajua karatasi zake zinakaa wapi.

Mashahidi walikuwa kidonda. Watu niliokula nao chakula cha mchana miaka yote walianza kukata simu. Mmoja alinijibu, "Dada, najua hukuhusika, lakini mimi nina watoto." Nilimwelewa, na sikumsukuma. Kilichoniuma zaidi ni minong'ono. Watu walisema lisemwalo lipo, na neno "mwizi" likanitangulia kila nilikokwenda. Mshahara ukikatika utakopa, utabana matumizi. Jina likichafuka, linachafuka pamoja na la mama yako na la wanao.

Siku ya usuluhishi kampuni ilileta leja. Msuluhishi hana mamlaka ya kusema nani kashinda. Kazi yake ni kuwasaidia muelewane, na mkishindwana shauri linakwenda mbele kwa mwamuzi au mahakamani. Lakini anaruhusiwa kuuliza. Aliweka fomu yangu ya likizo kando ya leja, akafuata tarehe kwa kidole, akasimama kwenye saini moja. "Huyu aliyepokea mzigo siku hii ni nani?" Wakamtaja msimamizi. "Na yeye alihojiwa lini?" Hakuna aliyejibu. Tuliomba mapumziko, na tuliporudi lugha yao ilikuwa imebadilika.

Nilikuwa na haki ya kuomba kurudishwa kazini. Sikuomba. Kurudi chini ya watu walioniandalia barua kwa jina langu ningeumia kila siku, na huo ulikuwa uamuzi wangu. Mwingine ana sababu nzuri za kurudi. Nilitaka mshahara wa notisi, malipo ya likizo nilizokuwa sijachukua, fidia, na barua ya kunisafisha. Wao walianzia kwenye hela na kutaka barua izungumzwe baadaye. Niligoma. Nikasema barua kwanza, maneno yake yaandikwe hapa hapa tukiwepo wote, na iambatanishwe na hati ya makubaliano. Pia walileta fomu ya kusema sina madai yoyote tena, nikakataa kuisaini kabla malipo hayajaingia. Tarehe ya malipo nayo iliandikwa ndani ya makubaliano, na vizuri iliandikwa, kwa sababu ilipopita kimya nilikuwa na karatasi ya kuwakumbushia. Wakalipa.

Barua inasema ajira yangu ilisitishwa kwa makubaliano na kwamba sikukutwa na kosa lolote kuhusu upotevu wa mali. Nilipoitwa kwenye usaili uliofuata niliulizwa kwa nini niliondoka kule. Nilieleza kwa sentensi mbili, nikaiweka barua mezani. Mwenye kuniuliza aliisoma, akanirudishia, akaniuliza huwa nahesabu mzigo wa stoo kwa mfumo gani, na usaili ukaendelea.