Uchovu, tezi ya shingo na chumvi ya jikoni

Hapa Kigoma, mtu akilalamika kwamba mwili hauna nguvu, hakosi jirani wa kumwambia kuwa tezi zake zimechoka na kumtajia unga wa majani wa kuziamsha. Sina ugomvi na tiba za asili, ila naona tungeanza na chumvi yenye madini joto.

Tezi ya shingo hutengeneza homoni zake kwa madini joto, na mtu mzima huhitaji takribani mikrogramu 150 tu kwa siku, mjamzito 250. Yakikosekana kwa muda mrefu, tezi huvimba na kuwa rovu, kama lile alilokuwa nalo shangazi yangu wa Kasulu. Wengi hudhani dagaa wa ziwani wanatosha, kumbe samaki wa maji baridi hawana madini hayo kwa wingi kama wa baharini. Hata chumvi, ambayo Uvinza imekuwa ikichemshwa tangu kabla ya wakoloni, huongezewa madini hayo wakati wa kuitengeneza. Sasa tazama inavyouzwa madukani kwetu: gunia la chumvi ya chenga liko wazi mlangoni, limelowa unyevu upande mmoja, na muuzaji anachota kwa kikombe. Unyevu, joto na jua huyapoteza madini joto, kwa hiyo mimi hununua ya pakiti, huiweka kwenye kopo lenye kifuniko mbali na jiko, na huitia mboga inapokaribia kuiva. Muhogo mchungu nao ulowekwe siku kadhaa na kukaushwa vizuri, kwani sumu inayobaki huizuia tezi kuyachukua madini hayo. Kuzidisha, kwa mfano kwa vidonge vya mwani, nako huivuruga tezi.

Hata hivyo, uchovu mwingi wa huku unatokana na upungufu wa damu, malaria, minyoo au kisukari, na hayo hupimwa kwanza. Ukiambatana na kuhisi baridi, choo kigumu, ngozi kavu na kuongezeka uzito, omba kipimo cha homoni za tezi ya shingo. Tezi iliyokwisha kushindwa kazi huhitaji dawa ya homoni, si chumvi.

Kuhusu tezi za adrenali zilizo juu ya figo, madaktari wa homoni hawautambui huo "uchovu wa tezi" unaotangazwa. Tezi hizo huharibika kweli, pengine kwa kifua kikuu: mgonjwa hukonda, presha hushuka, na fizi na mikunjo ya viganja huwa nyeusi. Zaidi nawahofia wanaomeza deksamethasoni, dawa inayofanya kazi kama homoni ya tezi hizo, ili wanenepe, kwa sababu huzilaza tezi zenyewe. Aliyeitumia kwa wiki kadhaa asiiache ghafla, bali amwone daktari ampunguzie kidogo kidogo. Na akianza kutapika au kuzimia, apelekwe hospitali mara moja pamoja na vidonge vyenyewe.