Mama iko kwa wageni

Desemba ya 2024 tulitua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, usiku, mimi na mwanangu wa miaka 16. Tuliteremka ngazi pamoja, tukaingia ukumbini, tukaachana. Yeye alishika foleni ya Watanzania. Mimi, niliyezaliwa Kibosho Umbwe, miguuni pa Kilimanjaro, na kuchota maji ya mfereji huko, nilishika ya wageni, katikati ya wapanda mlima na mabegi yao.

Kila Krismasi ikikaribia ndugu zangu Watanzania wa Marekani huniuliza wataingiaje nyumbani wakishachukua uraia wa huko, basi niandike mara moja. Mtu mzima hana uraia pacha Tanzania. Siku nilipoapa kuwa Mmarekani mwaka 2019, uraia wangu wa kwetu ulikoma kwa Sheria ya Uraia ya 1995. Kwa hiyo ile pasi ya zamani uliyoificha kwenye droo, usije nayo. Namjua mtu aliyepita nayo. Sitaki kumjua zaidi.

Mwenye pasi ya Marekani huomba viza mtandaoni: dola 100, ya kuingia mara nyingi ndani ya mwaka mmoja, na kila ukija hukai zaidi ya siku 90. Pasi iwe na uhai wa miezi sita. Ombi langu la kwanza nililiharibu mwenyewe. Kwenye namba ya pasi niliandika herufi O mahali pa sifuri, nikaja kugundua zimebaki wiki mbili tusafiri. Nikaomba upya, nikalipa upya. Hela hiyo ingenunua mbege, pombe yetu ya ndizi, ya kutosha ukoo mzima.

Mtoto ni habari nyingine. Alizaliwa Ohio mimi nikiwa bado Mtanzania, hivyo ana uraia wa nchi zote mbili hadi afikishe miaka 18, ndipo achague. Anatembea na pasi mbili: ya Tanzania anaingilia huku, ya Marekani anarudia, maana Marekani nayo humtaka raia wake aingie kwa pasi ya kwao.

Afisa, kijana mdogo, alifungua pasi yangu.

"Shikamoo mama. Naona umezaliwa Tanzania. Sehemu gani?"

"Marahaba. Kibosho."

"Kibosho ya wapi?"

"Umbwe."

Akacheka. "Mimi wa Uru, hapo jirani." Nikaweka vidole kwenye mashine, akagonga muhuri. Siku 90 za kukaa kwetu.

Foleni ya pili nikamsikia mwanangu anaulizwa mzazi wake yuko wapi. Akajibu kwa Kiswahili chake cha kubahatisha: "Mama iko kwa wageni." Watu wakageuka kunitazama.

Mwaka 2025 Bunge lilipitisha mabadiliko ya sheria ya kuleta hadhi maalumu kwa sisi wenye asili ya Tanzania tuliochukua uraia wa nje. Si uraia, kura hupigi. Hata hivyo nilimpigia mama simu anitafutie cheti changu cha kuzaliwa, kionyeshe asili yangu. Amekikuta chini ya kabati, panya wamekula pembe moja. Jina la baba linasomeka.