Meli na bimkubwa wa wilchea

Jamani kama unapanga safari ya meli ya kitalii na mzazi asiyeweza kutembea sana, usianze na picha za fukwe, anza kuulizia meli inasimama wapi. Sisi tunaenda na bimkubwa, anajikongoja hatua chache kisha anataka wilchea, na hili ndo limenikesha. Kuna bandari meli inafunga gatini mnashuka moja kwa moja, na kuna nyingine inatia nanga huko majini mnapelekwa na viboti, sasa bahari ikichafuka kiboti kinapanda kinashuka na wilchea nzito ya umeme mara nyingi hawaikubali kabisa. Santorini, kile kisiwa cha Ugiriki, ndo hivyo, meli inatia nanga majini, na ukishafika nchi kavu bado kuna genge la kupanda, ama kigari cha kuning'inia kwenye kebo, ama ngazi zaidi ya 500, ama punda, na bimkubwa kashasema punda hapandi ng'o 😂

Kwenye matembezi yanayoandaliwa na meli wakikwambia "kutembea kidogo tu" usiwaamini, uliza ni mita ngapi, kuna mawe ya kuchongoka, choo kikoje, basi lina lifti au anabebwa mgongoni. Teksi yenu wenyewe ni raha maana mnasimama mnapotaka, ila mkichelewa meli haiwangoji kama inavyongoja watu wa matembezi yake, kwa hiyo mimi nahesabu kurudi saa nzima kabla ya meli kuondoka. Bandari mbili tumeziacha, tutabaki melini, wengine wakishuka bwawa linakuwa letu. Bimkubwa keshaagiza kofia.