Bahari si ni moja?

Harusi ya mdogo wangu imepita salama, wageni wa Pemba wamekwisha kurudi kwao, na mkataba wangu wa maabara umeongezwa mwaka mmoja, lakini kilichonikaa moyoni wiki nzima ni maneno machache aliyoniambia mama mkubwa Jumamosi tulipokuwa tukimenya vitunguu vya biriani. Aliniuliza kama ningali na zile chupa zangu za maji ya bahari. Nikamweleza kuwa safari hii tunalinganisha viumbe vya seli moja vya Chwaka, kwenye mikoko, na vile vya upande wa pili, mkondo wa Zanzibar.

Akanitazama kwa huruma. "Bahari si ni moja, mwanangu? Utakuta tofauti gani?"

Nikasema, "Ipo, mama," kisha nikanyamaza.

Huruma ile ndiyo iliyoniuma. Kila usiku nimekuwa nikimjibu upya kitandani. Ningemwambia kuwa bakteria aitwaye Prochlorococcus, ambaye upana wake ni kama mikromita 0.6 tu, amejaa katika bahari za joto, lakini ukizipita latitudo za 40 kuelekea kwenye baridi, kaskazini au kusini, humwoni tena ila kwa nadra. Na kwamba hata mahali pamoja, wale wa juu penye jua kali ni wa ukoo mwingine na wale wa mita 100 chini, waliozoea mwanga hafifu. Ningemtajia Tara, chombo cha matanga kilichozunguka bahari za dunia kati ya 2009 na 2013. Katika sampuli zake za maji yanayofikiwa na jua, vinasaba vilionyesha aina zipatazo 150,000 za planktoni, yaani viumbe wanaoelea na kuchukuliwa na maji, wenye kiini ndani ya seli, ilhali waliokwisha kupewa majina na wataalamu walikuwa kama 11,000. Na kwa bakteria wa tabaka hilo la juu, kilichoonekana kuamua nani aishi wapi, kuliko umbali wa bahari na bahari, ni joto la maji.

Jana alfajiri, nikiwa bado natunga majibu, nikakumbuka kwamba mama mkubwa hakuishia pale. Alipokuwa akinawa mikono alisema, kama anayejisemea, "Labda yale ya kaskazi, yanayoelea kama unga wa mbao. Kusi huyaoni yale." Nami nilikuwa nimekwisha kununa, sikumsikia. Alikuwa amejijibu mwenyewe, na amejibu sawasawa! Unga ule ni Trichodesmium, bakteria wa baharini ambaye katika maji yetu hushamiri hasa msimu wa kaskazi. Asubuhi nilitia tone moja chini ya darubini: nyuzi za rangi ya majani makavu, zimelala pamoja kama chane za ukili zilizofungwa tayari kwa kusukwa, na kila uzi ni seli zilizopangana moja baada ya moja. Huchukua naitrojeni ya hewa na kuigeuza chakula, kama kunde zinavyolilisha shamba, na viumbe wengine wa bahari hufaidi.

Nilifurahi hata nikasahau chai. Jumapili nitampelekea kichupa chake na kioo cha kukuzia, aone nilichokuwa nikishindwa kumweleza, nami nimwulize ni miezi gani hasa aliyozoea kuuona unga huo alipokuwa akilima mwani.

Ila goti lake limevimba tangu juzi, na kwenda hospitali hataki hata kusikia.