Nilivyozitenganisha seji zangu kwa jani na harufu

Bustani yangu iko Lushoto, ambako Juni na Julai hutoki nje asubuhi bila sweta, na seji, mmea wa majani ya kunukia yanayotiwa kwenye chakula, inapakubali. Miche ya kwanza niliinunua ikiwa na kibandiko cha neno moja, "seji". Ilipokomaa nikakata vipandikizi, nikaongeza matuta, nikaanza kupeleka mafungu Dar es Salaam. Malalamiko yaliyokuja yalinishangaza: wiki hii mpishi anasifu, wiki ya pili mpishi yuleyule anasema, "Dada, hii ya leo inanuka dawa ya kuchua." Na tuta ni lilelile, mbolea ileile.

Nikaanza na majani, maana kwangu seji ya jikoni hutoa maua kwa nadra. Mashina yote yalikuwa ya pembe nne na majani yamekaa mawilimawili yakitazamana, kama kwa mrehani, mnanaa na ukoo wao wote. Hapo hapakuwa na la kunisaidia. Tofauti niliiona pale jani linapokutana na kikonyo. Mimea mingine ilikuwa na jani zima, refu kiasi, lenye mikunjo midogomidogo na rangi ya kijivu-kijani. Mingine jani lake lilikuwa na vimasikio viwili chini, na vichaka vyenyewe vilikuwa vimerefuka kupita wenzao. Ya kwanza ni Salvia officinalis, seji ya jikoni ambayo sifa yake imetoka pwani ya Dalmatia, huko Kroatia. Ya pili ni Salvia fruticosa, seji ya Kigiriki. Vimasikio peke yake havitoshi, kwa sababu si kila jani la seji ya Kigiriki linavyo, na ya jikoni nayo mara mojamoja huvitoa. Ndipo pua inapoingia kazini.

Ukigeuza jani na kulitazama kwa lenzi ya kukuza mara kumi, utaona katikati ya vinyweleo vitone vinavyong'aa. Ni tezi. Kila moja ina mafuta yaliyofunikwa na utando mwembamba, na kidole kikipita utando hupasuka. Kwa hiyo nusa jani ulilolifikicha, usihangaike na lililo kwenye tawi. Na usinuse mengi kwa mfululizo. Baada ya machache pua huchoka na yote huwa sawa.

Kilichokuwa kinamkera mpishi ni sineoli, kiambato kilekile kinachoupa mkaratusi harufu yake. Katika seji ya Kigiriki mara nyingi ndicho kinachoongoza, wakati thujoni, kiambato kingine chenye harufu kali, ni kidogo. Kwa seji ya Dalmatia mambo ni kinyume: kiwango cha kimataifa cha mafuta yake kinataka alfa-thujoni iwe kati ya asilimia 18 na 43, kafuri 4.5 hadi 24.5, na sineoli 5.5 hadi 13. Kafuri hiyo ina kesi yake. Kwa mpishi wa Kiitaliano ni utamu wa siagi na nyama; kwa mama mmoja jirani yangu ni harufu ya kuosha maiti, na hajawahi kukubali hata fungu la bure. Simlaumu.

Baada ya hapo nilifunga uzi mwekundu kwenye kila kichaka cha Kigiriki na kukihamishia ng'ambo ya mfereji. Sikuking'oa, kwani majani yake makavu ni chai nzuri, ileile ambayo Waarabu wa Shamu huiita maramia, na nimeipatia wanunuzi wake.

Seji ya jikoni ikabaki peke yake, nikaitunza inavyotaka. Chini ni mti, juu ni majani laini, kwa hiyo nakata sehemu ya kijani tu. Ukishuka hadi kwenye mti mkavu mara nyingi tawi halichipui tena. Matuta nimeyainua na kuchanganya kokoto, maana masika ya hapa yanaozesha mizizi. Samadi natia kidogo sana. Jani lililoshiba samadi ni kubwa, la kupendeza sokoni, na halina ladha. Navuna umande ukishakauka, na ya kuhifadhi naikausha kivulini.

Nina nyingine mbili. Seji-nanasi, Salvia elegans ya Mexico, haifanani kabisa na hizo: laini, inapita kiuno changu, matawi yanavunjika kwa upepo, jani linanukia nanasi kweli. Ukiipika harufu inakwenda na mvuke, kwa hiyo naiuza kwa wenye juisi. Maua yake ni mekundu, marefu kama mirija, na ndege wa chozi hawabanduki hapo.

Ya mwisho ni Salvia sclarea, ninayoipenda kuliko zote ingawa bado hainilipi. Ni ya miaka miwili: wa kwanza hutandaza majani makubwa yenye manyoya juu ya udongo, wa pili ndipo husimamisha shina la maua. Mafuta yake yana viambato vya linalili asetati na linaloli kwa wingi, jozi ileile ya lavenda, na hakuna ukali wa thujoni. Ndani ya maua yake mna pia sklareoli, ambayo viwandani hugeuzwa kuwa ambroksidi, harufu inayoshika nafasi ya ambari, ile itokayo kwa nyangumi, katika manukato. Ambari hiyohiyo ambayo wavuvi wa pwani yetu waliokuwa wakiiokota ufukweni walijua wamepata mali.

Yangu bado imetandaa chini. Harufu yake hukaa zaidi kwenye maua na majani madogo yanayoyazunguka, kwa hiyo sijavuna kitu. Nimeizungushia kokoto isioze mvua zikija, na kuku nimewawekea wavu.