Kabla ya Juni 15: jinsi binti wa hoki anavyotazamwa huku Minnesota

Usiku wa kuamkia Juni 15, simu za wasichana wa hoki ya barafuni waliomaliza darasa la kumi huku Minnesota, Marekani, hazitulii. Saa sita ikishagonga ujumbe unaanza kuingia: kocha wa chuo hiki, msaidizi wa kocha wa chuo kile, wote wakisema wamekuwa wakimfuatilia kwa muda mrefu. Kwa jirani yangu Mmarekani, ambaye baba yake na babu yake walicheza, usiku huo unajulikana tangu mtoto akiwa na miaka minane. Sisi tuliotoka Kenya, Tanzania au Kongo ndio kwanza tunaulizana: walimfuatilia lini? Wapi? Nani aliwaita?

Leo nataka kujibu maswali hayo, maana watoto wetu wa kike wameanza kuingia kwenye mchezo huu na wengine ni wazuri kwelikweli, halafu wanapotea njiani kwa kuwa nyumbani hakuna anayeijua kalenda.

Tuanze na kanuni. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kilibadilisha taratibu zake mwaka 2019. Kabla ya hapo msichana wa miaka kumi na nne angeweza kukipa chuo ahadi ya mdomo hata hajazoea sekondari. Sasa kocha wa Daraja la Kwanza, ile ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, haruhusiwi kuzungumzia usajili na mchezaji, wala na wazazi wake, kabla ya Juni 15 baada ya darasa la kumi, na ziara rasmi ya chuoni inasubiri Agosti 1 inayofuata. Lakini kanuni haikuyafunga macho. Kocha anaweza kuja uwanjani, akasimama, akaandika, akaenda zake. Ndiyo maana binti anatazamwa miaka miwili mitatu na watu ambao hawajamwambia hata neno moja.

Mji wa Blaine, kaskazini mwa Minneapolis, una jengo lenye viwanja vinane vya barafu chini ya paa moja. Yakiwapo mashindano makubwa, timu zinapokezana humo tangu alfajiri hadi usiku, na wasaka vipaji wanahama kiwanja hadi kiwanja wakiwa na makoti yenye nembo za vyuo vyao. Kuna siku nilisimama karibu na mmoja wao, mama wa makamo, kofia ya sufu ameishusha hadi kwenye nyusi, karatasi ya majina ya wachezaji ameikunja mara nne ikaenea kiganjani. Tulisalimiana, ikaishia hapo. Nikawa natazama mchezo, huku nikitazama na kalamu yake.

Namba 9 alifunga bao la kupendeza, watu wakapiga makelele, kalamu haikusogea. Baadaye kidogo namba 22, msichana wa safu ya tatu ambaye sikuwa nimemtilia maanani, alipokonywa paki, kile kisahani cheusi cha raba, karibu na mstari wa bluu. Hakumtazama refa. Aligeuka papo hapo, akakata barafu kwa hatua tatu fupi za nguvu, akamkuta mpinzani katikati ya uwanja, akaliinua gongo (fimbo ya kuchezea) la mpinzani huyo kwa chini na kuichukua paki. Akampasia mwenzake, akaenda kupumzika. Kule benchi alisogea kumpisha anayefuata, akamgonga kidogo kwenye helmeti mwenzake mmoja aliyekuwa ameinamisha kichwa. Yule mama akaizungushia namba 22 duara, akaandika kitu pembeni, akahamia kiwanja kingine.

Mzee mmoja aliyewahi kuifanya kazi hiyo, ambaye sasa anatusaidia kufundisha mabeki klabuni, alinieleza mantiki yake. Zamu moja barafuni, yaani muda mchezaji anaokaa uwanjani kabla ya kupumzishwa, ni kama sekunde arobaini hivi. Katika hizo, paki inakaa kwenye gongo la mchezaji mmoja sekunde chache sana, na zamu nyingine haimfikii kabisa. Mzazi anazitazama zile sekunde chache. Msaka vipaji anatazama zilizobaki: binti anafanya nini timu yake ikipoteza paki, anasimama upande gani wa mpinzani, gongo lake liko chini kwenye barafu au linaning'inia hewani, na je, anageuza shingo kutazama nyuma ya bega kabla pasi haijamfikia. Hilo la shingo mzee huyo analipenda kuliko yote. Anasema anayetazama mapema tayari amekwisha kuamua. Asiyetazama anapokea paki kwanza ndipo aanze kuwaza, na katika ngazi ya chuo mawazo hayo yanamkuta ameshazingirwa.

Halafu inakuja miguu. Hatua tatu za kwanza zinapimwa kuliko mbio ndefu, maana uwanja ni mfupi na nafasi inafunguka na kujifunga upesi. Wanatazama pia kama binti anaweza kukata kona kwa upande wa kushoto sawasawa na wa kulia. Wengi wana upande mmoja wanaouamini na mwingine wanaouogopa, na beki mjanja atawasukuma huko huko. Kwenye hoki ya wasichana kumgonga mtu kwa mwili ili kumwangusha ni kosa, kwa hiyo beki mzuri huonekana kwa pembe anayoichagua: anamwelekeza mshambuliaji ukutani taratibu, anamnyima njia ya katikati, mpaka paki inakuwa yake. Wazazi wa Kiafrika niliokaa nao jukwaani huogopa sana mtoto mwembamba atavunjwa. Mchezo una hatari zake, sikatai, ila binti mwembamba mwenye akili ya pembe ana nafasi kubwa huku.

Makipa wana ulimwengu wao. Wanatazamwa na watu wao, kwa vigezo vyao, na chuo huchukua wachache tu kwa wakati. Kama wa kwako ni kipa, mtafute aliyewahi kudaka akuelekeze.

Minnesota ndilo jimbo la kwanza Marekani kuufanya mchezo huu kuwa rasmi kwa shule za sekondari za wasichana. Mashindano ya kwanza ya jimbo yalichezwa mwaka 1995. Kile kiwanja cha Chuo Kikuu cha Minnesota kiitwacho Ridder, kilichofunguliwa mwaka 2002, kilikuwa cha kwanza chuoni nchini humu kujengwa mahsusi kwa ajili ya hoki ya wanawake. Timu ya hapo ilimaliza msimu wa 2012-13 kwa kushinda mechi zote 41. Ninayataja haya kwa sababu yanabadilisha jinsi mtoto anavyoonekana. Huku anaweza kuchezea mji wake na shule yake, akarudi kulala kitandani kwake, na bado wasaka vipaji wakamfikia. Taylor Heise alitoka Lake City, mji mdogo kandokando ya Mto Mississippi, akachezea sekondari ya Red Wing, mwaka 2018 akatunukiwa kuwa mchezaji bora wa sekondari wa jimbo, akaenda Chuo Kikuu cha Minnesota, na mwaka 2023 akawa wa kwanza kabisa kuchaguliwa kwenye drafti (timu kuchagua wachezaji kwa zamu) ya kwanza ya PWHL, ligi mpya ya kulipwa ya wanawake. Msimu wa kwanza tu, timu yake ya Minnesota ikatwaa kombe.

Kwingineko Marekani mambo ni tofauti. Laila Edwards alizaliwa Ohio, eneo la Cleveland, na ilibidi aondoke nyumbani akiwa bado mdogo kwenda Rochester, New York, kwenye shule yenye programu ya hoki ya wasichana, kabla ya kufika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Novemba 2023 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuichezea timu ya wakubwa ya Marekani, na mwaka uliofuata akachaguliwa mchezaji bora wa Mashindano ya Dunia kule Utica. Binti yangu ana picha yake ukutani. Mimi kila nikiitazama ninawafikiria wazazi wake: kumfungia mtoto wa umri ule begi, kumpeleka jimbo jingine, kwa ajili ya mchezo ambao karibu hakuna anayefanana naye. Na ninawafikiria pia wale ambao wazazi wao hawakuweza.

Hapa ndipo panaponiuma. Wasaka vipaji huenda penye timu nyingi pamoja, na penye timu nyingi pamoja pana kiingilio, hoteli, mafuta ya gari na siku mbili za kazi zilizokatwa. Viatu vya barafu vinakuwa vidogo kila mwaka. Timu za kiwango cha juu zinazozunguka majimbo hugharimu maelfu ya dola kwa msimu. Mimi hufanya kazi usiku kwenye nyumba ya wazee, kama wengi wetu hapa Brooklyn Park, na najua maana ya kubadilishana zamu na mwenzako ili uwe Blaine saa moja asubuhi. Mtoto ambaye familia yake haina wa kubadilishana naye anaweza kuwa na shingo ile ile na miguu ile ile, na karatasi iliyokunjwa mara nne isiwe na jina lake. Vyama vya hoki vya miji vingi vina msaada wa ada na vifaa vya kuazima, lakini lazima uombe, na lazima uombe kabla msimu haujaanza. Ombeni, jamani. Fedha hizo zimewekwa kwa ajili ya watoto kama wetu, na aibu yetu ndiyo inayozirudisha kabatini.

Jambo jingine ambalo wazazi hawaambiwi ni mwezi wa kuzaliwa. Kambi za taifa hupanga wasichana kwa mwaka wa kuzaliwa, kwa hiyo aliyezaliwa Januari anapimwa pamoja na wa Desemba. Katika umri wa miaka kumi na nne, miezi kumi na moja ni urefu, ni nguvu za mapaja, ni utulivu. Watafiti wa Kanada walishaonyesha tangu miaka ya 1980 kwamba timu teule za wavulana zilijaa waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka. Ukiwa na mtoto wa Novemba aliyeachwa kwenye majaribio ya mwaka huu, usiviuze viatu vyake. Msaka vipaji mzuri huandika tarehe ya kuzaliwa kando ya jina, na mzee wetu wa klabuni husema humpa mtoto wa mwisho wa mwaka jicho la pili.

Mama yangu yuko Voi. Kila nikimpigia haulizi mabao. Anasema, "Baba, huyo mjukuu wangu barafu nimesikia. Na masomo je?" Makocha wa vyuo wangepatana naye sana. NCAA inataka masomo ya msingi 16 ya sekondari kwa anayetaka kucheza Daraja la Kwanza, na 10 kati ya hayo yawe yamekamilika kabla ya mwaka wa mwisho, yaani darasa la kumi na mbili. Anayegundua hilo akiwa darasa la kumi na moja anaweza kuwa amechelewa. Nendeni kwa mshauri wa shule mapema, darasa la tisa, mkamwulize moja kwa moja ni masomo yapi yanahesabiwa.

Na tuelewane kuhusu fedha za chuo, maana kanisani nasikia watu wakisema hoki ni chuo bure. Kwa miaka mingi kila timu ya Daraja la Kwanza iliruhusiwa ufadhili kamili 18, na kocha aliweza kuugawa vipande vipande. Tangu 2025 vyuo vingi vimehamia kwenye utaratibu wa ukomo wa idadi ya wachezaji badala ya ukomo wa ufadhili. Timu zenyewe ni arobaini na kitu tu nchi nzima. Vyuo vya Ivy League, vile vikongwe vyenye sifa kama Harvard na Yale, pamoja na Daraja la Tatu, havitoi ufadhili wa michezo, ila vinaweza kutoa msaada mkubwa kulingana na kipato cha familia, na kwa familia nyingi za kwetu msaada huo huenda ukawa mnono kuliko robo ya ufadhili kwingine. Simu ikiita Juni 15, swali la mzazi liwe: ni kiasi gani, kwa miaka mingapi, na akiumia je?

Nairobi nako kuna timu, Ice Lions, wanaocheza kwenye kile kiwanja kidogo cha hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, na mwaka 2024 Kenya iliingia kwenye shirikisho la dunia la hoki ya barafuni. Binti yangu alipowaona kwenye video aliniuliza kama siku moja anaweza kuwachezea. Sikuwa na jibu, lakini nimeanza kuulizia pasipoti yake ya Kenya.

Kwa sasa yuko darasa la tisa, na kazi yake ni barua. Mchezaji anaruhusiwa kumwandikia kocha wakati wowote, hata kama kocha hawezi bado kumjibu habari za usajili, na barua hizo husomwa. Aandike mwenyewe, si mzazi. Iwe fupi: jina, mwaka wa kuzaliwa, nafasi anayocheza, gongo analishika upande gani, alama za shule, kipande cha video cha dakika mbili chenye zamu nzima nzima na si mabao peke yake, kisha ratiba ya mechi zijazo pamoja na namba ya kiwanja. Na rangi ya jezi isisahaulike, maana pale Blaine kila kiwanja kina namba 17 wawili.